Kujifungua nyumbani au hospitalini? Tupime kwa elimu, tusipime kwa hofu



Shukrani zote ni za Allah (s.w.t.), aliyemuumba mwanadamu katika tumbo la mama yake, kisha akamsahilishia njia ya kutoka. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, safu yetu ya leo inahusu swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi za Waislamu hapa Karagwe na Kyerwa: mama ajifungulie nyumbani au aende hospitali? Huulizwa kwa sauti ya chini kwa sababu kila mtu analijua jibu lililoandikwa kwenye bango la zahanati. Lakini ndani ya nyumba, mashangazi na mawifi wana habari zao. Kuna aliyefokewa akiwa katika uchungu. Kuna aliyeongezwa njia bila kuambiwa. Kuna aliyepimwa na vijana wa kiume wanne kwa zamu, na aliyekwenda kwa miguu yake akarudi na mshono tumboni bila kuelezwa sababu.

Habari hizi zipo, na hazifai kupuuzwa. Mtaalamu anayezikana hatamshawishi mama yeyote aliyekwisha kuonja. Lakini na habari za nyumbani zipo pia, isipokuwa baadhi ya waliokuwa wazisimulie wako makaburini. Kwa hiyo leo, inshaallah, tutaweka pande zote mbili kwenye mizani.

KWA NINI WENGINE HUBAKI NYUMBANI

Sababu ni nyingi, na nyingi zina uzito. Ya kwanza ni umbali. Wilaya zetu ni za milima na mabonde. Kyerwa ilipogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, huduma za utawala zilisogea, lakini mama anayeishi pembezoni, upande wa Murongo au kwenye vilima vinavyotazama Mto Kagera, bado anahitaji bodaboda, fedha na njia inayopitika. Uchungu ukianza usiku wa masika, vyote vitatu vinaweza kukosekana kwa pamoja.

Sababu ya pili ni gharama. Sera ya nchi inasema huduma ya uzazi katika vituo vya umma haina malipo, lakini familia inajua kuna nauli, chakula cha msindikizaji na vifaa ambavyo huenda ikaambiwa ivinunue.

Ya tatu ni sitara. Mwanamke wa Kiislamu aliyelelewa katika stara anaona uzito kumfunulia mwili mwanamume asiye maharimu wake. Ya nne ni mazoea: mama yake alizaa watoto saba kwenye kibanja, bibi yake tisa, mkunga wa jadi anamjua kwa jina, anampa uji wa moto na hamfokei.

Zingatia sababu hiyo ya mwisho, maana ndiyo inayowaumiza watoa huduma wakiisikia. Mama anaweza kukubali kutembea saa tatu. Hakubali kudhalilishwa saa tatu.

HATARI ISIYOPIGA HODI

Sasa tutazame upande wa pili. Mimba ikikaribia kutimia, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa uzazi kila dakika. Mtoto akishatoka na kondo la nyuma likabanduka, mishipa iliyokuwa inalisha kondo hubaki wazi. Allah ameujaalia mji wa uzazi ujikaze kama ngumi ili uifunge mishipa hiyo. Ukijikaza, mama anapumzika. Ukilegea, damu inamwagika kama maji kutoka kwenye bomba lisilofungwa. Mama mwenye afya njema, aliyekuwa anazungumza na kucheka, anaweza kufariki ndani ya saa mbili.

Jambo la kutisha ni kwamba wengi wa wanaotokwa na damu namna hii hawakuwa na dalili yoyote ya awali. Ndiyo maana hoja ya "mimi nimezaa watano salama" haitoshi. Tena aliyezaa mara tano au zaidi yuko katika hatari kubwa, kwa sababu misuli ya mji wa uzazi imechoka.

Damu si adui pekee. Kuna kifafa cha mimba, ambacho huanza na shinikizo la damu kupanda, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kisha degedege. Kuna uchungu pingamizi, mtoto anapogoma kupita. Mama akiachwa siku mbili anasukuma, mji wa uzazi unaweza kupasuka, au akabaki na fistula inayomtoa mkojo bila hiari, akaona haya hata kusimama kwenye safu ya swala. Na kuna mtoto anayezaliwa bila kupumua, ambaye anahitaji kusaidiwa kwa mfuko wa hewa ndani ya dakika ile ya kwanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa hukadiria kuwa takriban wajawazito 15 katika kila 100 hupata tatizo la kutishia maisha linalohitaji mtaalamu. Katika kijiji chako, hesabu mwenyewe.

Na tushukuru kwamba hali inabadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha wanawake 63 katika 100 walijifungulia kwenye vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 81. Katika tafiti hizo hizo, makadirio ya vifo vya wazazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kupungua huko kuna sababu nyingi, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba kumfikia mkunga mwenye ujuzi si mojawapo.

"MBONA ULAYA WANAZALIA NYUMBANI?"

Swali hili siku hizi linaulizwa na vijana waliosoma, na linastahili jibu. Ni kweli, wako wanaozalia nyumbani. Uingereza ilifanya utafiti mkubwa, matokeo yake yakatoka mwaka 2011, ukihusisha wanawake wapatao 64,000 wasio na dalili za hatari. Kwa waliokwisha kuzaa kabla, kujifungulia nyumbani hakukuongeza hatari kwa mtoto. Kwa wanaozaa mara ya kwanza, hatari kwa mtoto ilikuwa kubwa zaidi nyumbani, na karibu wanawake 45 katika kila 100 walilazimika kuhamishiwa hospitali.

Lakini tazama hiyo "nyumbani" ilikuwa na nini. Mkunga aliyesomea ukunga alikuwa kando ya kitanda, akiwa na dawa ya kuzuia damu na kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua. Barabara ilikuwa ya lami, na gari la wagonjwa lilikuja kwa kupigiwa simu. Mama alikuwa amepimwa miezi yote na kuthibitika hana tatizo. Hiyo ni hospitali iliyotembea hadi nyumbani. Nyumba yetu ya Nkwenda au Nyaishozi, yenye taa ya simu na wembe, inaitwa nyumbani pia, lakini neno ni moja na mambo ni mawili. Anayetaka kuiga, aige yote.

YAPI YA HOSPITALI NI YA LAZIMA, NA YAPI SI YA LAZIMA

Hapa ndipo penye elimu ambayo kila mama anapaswa kuwa nayo kabla ya uchungu, kwa sababu uchungu ukianza hakuna darasa. Mwaka 2018 WHO ilitoa mwongozo kuhusu huduma wakati wa uchungu na kujifungua. Mwongozo huo umeyapa nguvu baadhi ya malalamiko ya akina mama wetu. Tuyapange:

1. Sindano ya baada ya kuzaa. Mara mtoto anapotoka, mama huchomwa sindano ya oksitosini ili mji wa uzazi ujikaze. Hii usiikatae. Ndiyo ngao yako ya kwanza dhidi ya damu.

2. Dripu ya kuongeza uchungu. Dawa ni ile ile, lakini hapa inatolewa kabla mtoto hajatoka. Inafaa kwa sababu maalumu tu, kwa kipimo, na mtaalamu akiwa karibu anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Haifai kutolewa kwa sababu tu zamu inakaribia kwisha au kitanda kinatakiwa. Mwongozo wa 2018 umesema wazi kwamba kasi ya mlango wa kizazi kufunguka sentimita moja kila saa si kipimo cha kumlazimisha kila mwanamke. Uchungu ukizidi nguvu, mtoto hukosa hewa.

Na hapa nawaambia mashangazi: mitishamba ya kuharakisha uchungu ni ndugu wa dripu hii. Tofauti ni kwamba dripu ina kifungo cha kuifunga, na kikombe kilichokwisha kunywewa hakifungwi.

3. Kuongezwa njia. Kukatwa kwa kila mama, au kwa kila anayezaa mara ya kwanza, hakupendekezwi. Kunaweza kuhitajika mtoto akiwa katika hatari na anatakiwa kutoka upesi. Uambiwe, ukubali, utiwe ganzi.

4. Kukandamizwa tumbo kwa nguvu ili mtoto atoke. Hakupendekezwi. Ni jambo lenye hatari, hospitalini na nyumbani pia.

5. Kunyolewa na kupigwa bomba la kusafisha tumbo. Si lazima.

6. Kulala chali. Mama asiye na tatizo anaruhusiwa kutembea, kuketi, kupiga magoti au kulala ubavu, na kuchagua mkao unaompa nafuu.

7. Kula na kunywa. Mama asiye na dalili za hatari anaruhusiwa. Wasomaji wa Surat Maryam wanakumbuka kwamba Bibi Maryam alipofikwa na uchungu kwenye shina la mtende, Mola wake alimjaalia maji na tende, akaelekezwa kula na kunywa na kutulizwa moyo. Alipewa chakula, maji na maneno mema. Hayo hayo ndiyo anayohitaji mama wa leo.

8. Kupimwa njia. Kwa kawaida ni kila baada ya saa nne wakati uchungu umekwisha kukolea, si kila mwanafunzi anapopita. Una haki ya kuuliza anayekupima ni nani.

Kwa hiyo, mama, jifunze maswali manne ya kuuliza kwa adabu: Ni nini unataka kunifanyia? Ni kwa sababu gani? Kuna njia nyingine? Tukisubiri kidogo kuna hatari gani? Mtaalamu mzuri hakasirishwi na maswali haya. Na akikujibu kwamba moyo wa mtoto unadhoofika au damu inatoka, basi muda wa maswali umekwisha. Mwache afanye kazi.

UPASUAJI: HOFU MBILI

Kuna wanaoukimbia upasuaji hata mtoto anakufa, na kuna wanaoufanya au kuuomba bila sababu. Wote wamepotea njia.

Duniani, watoto waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa kama 12 katika kila 100 mwaka 2000, wakafika 21 mwaka 2015. Hapa Tanzania, utafiti wa 2022 ulionyesha 11 katika kila 100. WHO ilieleza mwaka 2015 kwamba kiwango cha taifa zima kikizidi kama 10 katika 100, nyongeza hiyo haionekani kupunguza vifo zaidi. Lakini wastani wa nchi hauwezi kumwamulia mama mmoja mmoja. Kila mama atazamwe kwa hali yake.

Upasuaji si jambo dogo kwetu. Utafiti uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba mama wapatao 5 katika kila 1,000 walifariki baada ya upasuaji, mara 50 zaidi ya nchi tajiri. Na kovu linaandamana na mama katika mimba zinazofuata. Kondo linaweza kujishikiza kwenye kovu, na kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Ndiyo maana aliyewahi kupasuliwa asijaribu kamwe kuzalia nyumbani, hata kama baada ya hapo amezaa kwa kawaida.

Lakini mtoto aliyelala kingamo hatatoka kwa dua pekee bila ya kutafuta sababu. Kondo lililofunga njia halitapisha. Hapo kisu cha daktari ni rehma ya Allah.

MAFUNZO YA ZANZIBAR NA KIGOMA

Wengine hudhani ni lazima uchague: ama usalama wenye kuingiliwa kila dakika, ama heshima yenye hatari. Mfano wa Zanzibar unabatilisha dhana hiyo. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kuanzia mwaka 2015, wakunga na madaktari walitengeneza mwongozo mfupi wa kusimamia uchungu unaolingana na hali yao ya wagonjwa wengi na wahudumu wachache, wakafanya mafunzo ya mara kwa mara. Mpango huo unaitwa PartoMa. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Na katika kipindi hicho hicho, wanawake waliowekewa dripu ya kuongeza uchungu walipungua kutoka 22 hadi 12 katika kila 100. Dripu zilipungua, na watoto waliookoka wakaongezeka. Kilichozidi ni kusikiliza moyo wa mtoto kwa ukaribu zaidi.

Jirani zetu wa Kigoma nao, kati ya 2016 na 2018, walijaribu katika baadhi ya vituo kumruhusu kila mama awe na mwanamke anayemwamini pembeni yake wakati wote wa uchungu. Tathmini ilionyesha akina mama waliridhika zaidi na huduma. Mwongozo wa WHO wa 2018 pia unapendekeza msindikizaji. Kwa Muislamu hili lina faida mbili: anapata wa kumfariji, na anapata shahidi wa kumhifadhia sitara.

Na kuhusu damu, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania uliwapa wakunga kitambaa cha plastiki chenye alama za kupimia damu, pamoja na utaratibu wa kutoa tiba zote kwa mkupuo mara damu inapozidi. Matokeo mabaya ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Hakuna aliyepasuliwa bila sababu ili kupata faida hiyo. Kilichohitajika ni kitambaa, dawa na macho yanayotazama. Lakini mambo hayo hayapatikani kwenye kibanja.

SITARA, DHARURA NA QADAR

Sasa tuje kwenye hoja za dini, kwa sababu hutumiwa sana kumzuia mama asitoke.

Kwanza, sitara. Asili ni kwamba mwanamke atibiwe na mwanamke. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, lilipanga daraja: atafutwe tabibu mwanamke wa Kiislamu; asipopatikana, mwanamke asiye Muislamu; asipopatikana, mwanamume wa Kiislamu; asipopatikana, mwanamume asiye Muislamu. Kifunuliwe kile kinachohitajika tu, na awepo maharimu, mume au mwanamke mwaminifu ili kuepuka faragha. Kwa hiyo kuomba mkunga wa kike si ukaidi, ni haki yako, na vituoni kwetu wakunga wengi ni wanawake. Lakini akiwa zamu hiyo yupo mwanamume peke yake, na damu inatoka, dharura inahalalisha. Wala isitusumbue kwamba baadhi ya hospitali zetu, kama Nyakahanga iliyo chini ya KKKT, ni za taasisi za Kikristo. Unakwenda kutafuta tiba, na dini yako unakwenda nayo.

Pili, shahada. Ni kweli kwamba hadithi zinamtaja mwanamke anayefariki kwa uzazi miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni bishara ya kuwafariji waliofiwa. Haikuwekwa iwe kibali kwa mume cha kukaa na nauli mfukoni. Aliyekufa akiwa ametafutiwa tiba na aliyekufa kwa kuzuiwa tiba, wote hesabu yao iko kwa Allah. Lakini hesabu ya aliyezuia nayo iko kwa Allah.

Tatu, qadar. Sayyidna Umar (r.a.) alipokataa kuingia Sham kwenye tauni na akaulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kwa maana kwamba anatoka kwenye qadar moja ya Allah kwenda kwenye nyingine. Kutoka kibanjani kwenda zahanati ni hivyo hivyo. Na Surat al-Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi.

MAANDALIZI: YAANZE LEO

Wataalamu wa uzazi wanasema vifo vya wazazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Viwili vya kwanza viko mikononi mwa familia.

Kwanza, anza kliniki mapema, usikose mahudhurio, na uitunze kadi. Muulize muuguzi waziwazi: je, nina dalili ya hatari? Mimba ya kwanza, mimba ya tano na kuendelea, mapacha, kovu la upasuaji, shinikizo la damu, upungufu wa damu, mtoto aliyetanguliza makalio, au kutokwa damu uzazi uliopita: wenye hali hizi wapange kituo chenye uwezo wa upasuaji na damu ya kuongezewa. Anayeishi mbali asogee kwa ndugu wa karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla, kama ni Nyakahanga kwa upande wa Karagwe au Isingiro kwa upande wa Kyerwa. Kumbuka kwamba hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bukoba, zaidi ya kilometa 100 kutoka Kayanga.

Pili, mume aweke akiba ya nauli tangu mimba ikiwa changa, hata kidogo kidogo kila gulio au msimu wa kahawa, na azungumze na mwenye bodaboda au gari kabla. Ahifadhi pia namba 115, isiyolipiwa, ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022.

Tatu, suala la idhini. Mama mwenye akili timamu ndiye wa kukubali au kukataa matibabu ya mwili wake. Hata hivyo, katika nyumba zetu watu humsubiri mume, na mume yuko safarini Mutukula, simu haipatikani. Baba, sema leo, mbele ya mama mkwe na mashemeji: "Nisipokuwepo, msinisubiri." Maneno hayo mawili yanaweza kuwa sadaka bora utakayoitoa mwaka huu.

Nne, mkunga wa jadi asifukuzwe. Apewe kazi mpya inayomfaa, awe msindikizaji. Anamjua mama, anajua kumtuliza. Amlete, akae naye, amsaidie kunyonyesha.

Tano, ukidhalilishwa usinyamaze, na usilipize kwa kuzalia nyumbani mimba ijayo. Utafiti uliofanywa Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watano aliyehojiwa wakati wa kutoka kituoni alieleza kutendewa vibaya. Hatua iliyofuata huko ilikuwa jamii na watumishi kuketi pamoja na kuandikiana makubaliano ya staha. Nasi tunaweza. Muone mganga mfawidhi, kisha kamati ya kituo, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya. Maimamu na akina mama wa misikitini waende kwa pamoja, waombe mapazia, msindikizaji na wakunga wa kike katika kila zamu.

USAFI, NA MTOTO AKIJA NJIANI

Inatokea mtoto asisubiri. Ikiwa hivyo: nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Tandika kanga safi. Usimvute mtoto, mpokee. Mkaushe kwa kumsugua taratibu, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikeni wote wawili. Msivute kitovu wala kondo. Kama hamna wembe mpya na uzi safi, msikate kitovu, mleteni mtoto akiwa ameungana na kondo lake. Mnyonyesheni mara moja, kwani kunyonya husaidia mji wa uzazi kujikaza. Kitovu kibaki kikavu na kisafi, bila majivu, samadi wala mafuta ya taa. Kisha endeleeni na safari hadi kituoni, hata kama mama anajisikia vizuri.

Na alama hizi hazisubiri asubuhi: damu inayolowanisha kanga upesi, kondo kukawia zaidi ya nusu saa, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa, chupa kupasuka bila uchungu, uchungu kupita saa 12, mtoto kuacha kucheza tumboni.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, tumepima. Kasoro za hospitali zipo, nazo zinadaiwa: kwa maswali, kwa msindikizaji, kwa kamati, kwa sauti ya jamii. Aliyefokewa leo anaweza kudai haki yake kesho. Aliyeishiwa damu usiku kwenye kibanja hana kesho ya kudai. Basi nenda kituoni, nenda mapema, na uende na mtu wako na ulimi wako.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awasahilishie wajawazito wetu, awahifadhi na watoto wao, na awatie huruma wanaowahudumia. Aamin.

Wabillahi tawfiq.